Kubadilisha Tairi Kando ya Barabara na Kufika Nyumbani Mzima

Najua wengi wenu mnaingojea sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba niandike kuhusu jambo lisilo na kompyuta ndani yake, ingawa ukilitazama kwa macho ya mtu wa programu utaona linatufaa kabisa: lina masharti ya kuanzia, lina hatua zinazofuatana, na ukizipindua hatua mbili tu unaweza kujikuta chini ya gari lenye uzito wa tani moja na zaidi. Nazungumzia pancha.

Kilichonisukuma ni mazungumzo ya ofisini. Tulikuwa watu wanane tunakunywa chai, sita kati yetu tuna leseni ya kuendesha gari, na nilipouliza ni nani amewahi kubadilisha gurudumu kwa mikono yake tukapatikana wawili. Waliobaki jibu lao lilikuwa moja: "Nitampigia fundi." Sawa. Ukiwa Ngong Road saa nne asubuhi fundi hayuko mbali, ameketi chini ya mwavuli na kompresa yake. Lakini Desemba Wakenya hatukai Ngong Road. Desemba tuko kwenye barabara ya Mombasa, kilomita 480 hivi kutoka Nairobi, sehemu kubwa yake leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kuna vipande ambavyo ukitazama mbele na nyuma unaona mibuyu tu na malori. Kwenye shule ya udereva tulifundishwa kusukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji wa mfano. Spana ya magurudumu wengi hawajawahi kuishika hata siku moja.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye aliendesha trela kutoka bandarini Mombasa hadi Malaba na Kampala kwa zaidi ya miaka 20. Siku ya kwanza aliponiita nje kunifundisha hakunipa jeki. Alivuta kiti cha plastiki, akaketi, akanihadithia habari za tanboi wake.

Ilikuwa mwaka 1997, karibu na Mackinnon Road. Gurudumu la nyuma upande wa kulia lilipasuka, yaani upande wa lami, kwa sababu sisi huku tunaendesha kushoto. Kijana alikuwa na miaka 22. Alichuchumaa kufungua nati, mgongo ameupa barabara. Jeki haikuteleza. Lori halikusogea hata inchi moja. Nati zilikuwa zinatoka vizuri. Basi lililokuwa likipita ndilo lililomchukua. Mjomba ndiye aliyeupeleka mwili kwao Kaloleni, na ndiye aliyesimama mbele ya mama yake kueleza. Aliponihadithia hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mpwa wangu, kazi aliifanya sawasawa yote. Mahali ndipo palipokuwa pabaya, na mahali nilipachagua mimi."

Maelezo mengi ya kubadilisha tairi huanzia kwenye jeki, na kwangu huko ni kuanzia katikati. Uamuzi mkubwa kuliko yote unaufanya ukiwa bado umeketi kwenye usukani, katika dakika moja ya kwanza, na uamuzi huo ni wapi unasimama.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mabasi na matatu kisheria mwisho wao ni kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni mita 22 kwa kila sekunde. Tuseme umeweka pembetatu yako mita 50 nyuma ya gari, na dereva anayekuja amechoka, taa zake hafifu, ameitambua pale pale anapoipita. Amebakiwa na sekunde mbili na robo kabla ya kukufikia. Binadamu wa kawaida akikutana na kitu asichokitarajia huchukua kama sekunde moja na nusu hadi mbili na nusu kukiona, kukielewa na kupeleka mguu kwenye breki. Yaani muda wake wote umeliwa na kufikiri, na gari halijaanza hata kupunguza mwendo! Ongeza sasa mita kama 50 ambazo lori lililobeba mzigo linahitaji ili lisimame kutoka mwendo huo, hata kama breki zake ni nzima. Unaona kwamba pembetatu ya mita 50 ni kama ujumbe unaofika kwenye seva baada ya seva kuzimika. Umefika kweli, lakini haumsaidii mtu.

Kwa hiyo kwenye barabara kuu mimi naiweka mita 100 au zaidi, ambazo kwa hatua zangu ni kama 130. Kama nyuma yako kuna kona, pembetatu inakaa kabla ya kona, si baada yake, maana dereva akishapinda ameshachelewa. Barabara ikiwa ya leni moja kwenda na moja kurudi weka nyingine mbele, kwa sababu anayekuja kutoka upande wa pili anaweza kuwa anapita gari jingine akaja moja kwa moja kwako. Unapokwenda kuiweka, tembea nje kabisa ya lami ukiwatazama wanaokuja, na uishike mbele ya kifua ili taa zao ziipige. Ukirudi utakuwa umeipa barabara mgongo, basi pita porini.

Najua wako wanaosema matawi yanatosha. Mchana matawi yanasaidia, na madereva wa Kenya wote tunayaelewa. Usiku tawi halirudishi mwanga. Ni rundo jeusi juu ya lami nyeusi.

Na mahali penyewe pa kusimama? Panyooke, pawe tambarare, pawe pagumu chini, na pakupe nafasi ya kutoka nje ya lami kabisa. Kama hapo pancha ilipokupata hapana sifa hizo, washa taa za hazadi na uendelee polepole, mwendo wa mtu anayetembea, hata kama tairi limekwisha na unasikia rimu inaparuza. Ndiyo, tairi litaharibika. Rimu pia inaweza kupinda. Rimu ya chuma utaipata Kirinyaga Road kabla ya saa sita mchana, utabishana bei na kurudi nyumbani.

Hili nililifanya Desemba 2023. Nilikuwa nimembeba mama na mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka sita, tunaelekea pwani kwa Probox ya kaka. Tulikuwa tumepita Kibwezi, saa kumi na mbili na nusu jioni, ule wakati mbaya ambao si mchana na si usiku. Nyuma kulia pakaanza kugonga gong-gong-gong na usukani ukawa mzito. Sikukanyaga breki, niliachia mafuta na kuushika usukani kwa mikono miwili mpaka gari likajipunguza lenyewe. Tulikuwa kwenye kona, juu ya kalvati, kingo za chuma zimekaribia lami kiasi kwamba mlango wa kushoto usingefunguka wote. Nikawasha hazadi nikaendelea.

"Wewe kijana, utaharibu rimu ya mwenyewe!" mama akasema.

"Acha iharibike, mama."

"Kaka yako utamwambia nini?"

"Nitamnunulia nyingine."

Akanyamaza. Tulikwenda hivyo kama mita 700, malori yanatupigia honi, mpaka nikaona njia ya vumbi inayoingia kijijini. Nikaingia humo hadi gurudumu lile la kulia likawa hatua nne nzima kutoka kwenye lami. Hapo ndipo nilipozima gari, na wote tukashuka kwa milango ya kushoto.

Nisisitize hilo la kushuka. Watu wanapenda kuwaacha wazee na watoto ndani ya gari "wapumzike". Gari lililosimama kando ya barabara kuu si mahali pa kupumzika. Likigongwa kwa nyuma aliyemo ndani hana pa kukimbilia. Na ukiliinua kwa jeki huku mtu anajigeuzageuza kitini, unafanya kazi juu ya kitu kinachotikisika. Watoke, wakae mbali na lami, pembeni, wala wasisimame mbele au nyuma ya gari kwa sababu huko ndiko litakakosukumwa likigongwa.

Lakini mama hakukaa bure. Nilimpa kazi: akae juu ya kituta, atazame barabara upande wa nyuma, na kila lori au basi linapokaribia apige kelele. Kila alipoita "Lori!" niliacha spana, nikasimama, nikaenda upande wa pili wa gari mpaka lipite. Kwetu tunaoandika programu hiyo ni kazi inayokatizwa na ishara yenye umuhimu mkubwa zaidi. Alinikatiza mara 9. Kazi ya dakika 15 ilichukua zaidi ya nusu saa. Mtoto aliona ni mchezo mzuri sana, naye akaanza kuita "Lori!" hata kwa baiskeli, ikabidi bibi yake amfundishe tofauti.

Kuna jambo la usalama wa aina nyingine ambalo siwezi kuliruka. Ikiwa mahali penyewe panatisha, giza tupu, au watu wametokea usiowaelewa, usishuke. Endelea polepole hadi kwenye kituo cha mafuta, kwenye maduka, kwenye kizuizi cha polisi. Tuliposimama alikuja kijana wa bodaboda. Mama alimsalimia kwanza kwa Kikamba, wakaulizana ya kwao, ndipo nikatulia. Alielekeza taa ya pikipiki yake kwenye gurudumu, akatutafutia mawe.

Mawe ya nini? Hapa ndipo penye utamu kwa wapenda mitambo, na ndipo wengi wanapodanganyika. Jiulize: gari likiwa limeinuliwa gurudumu moja, ni nini hasa kinachozuia lisibiringike?

Watu hujibu, nimeweka P na nimevuta breki ya mkono. Vizuri. Ila fuatilia nguvu inavyopita. Magari madogo mengi tunayoagiza kutoka Japani yanavutwa na magurudumu ya mbele, nayo breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma. P inafunga giaboksi, na giaboksi inafunga difu. Difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti unapokata kona. Sasa inua gurudumu la mbele. Difu imefungwa, lakini lile gurudumu lililo hewani liko huru kuzunguka kinyumenyume, kwa hiyo lenzake lililo chini nalo liko huru kubiringika. P yako imekwisha kazi! Umebakiwa na breki ya mkono peke yake, na waya wake pengine una umri wa gari lenyewe. Ukiinua gurudumu la nyuma una nafuu: P inashika yote mawili ya mbele, na breki ya mkono inashika lile moja la nyuma lililobaki chini.

Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace za matatu, mambo ni mabaya zaidi. Hapo P na breki ya mkono vyote viko nyuma. Inua gurudumu moja la nyuma, na kinachoshikilia gari lote ni gurudumu moja. Kwenye mifumo yetu tunaogopa sana kuwa na kitu kimoja ambacho kikikatika kila kitu kinaanguka. Dawa yake kando ya barabara ni mawe mawili makubwa, mbele na nyuma ya gurudumu lililoko kona ya pili: unainua nyuma kulia, mawe yanakaa mbele kushoto. Yapige teke yaingie barabara.

Baada ya hapo unaweza kushika spana, na jeki bado.

Nati zinalegezwa gari likiwa chini. Sababu ni mbili. Gurudumu lililo chini linashikwa na ardhi, halizunguki na spana. Pili, nati ngumu inahitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo hutaki kuitumia kuvuta kitu kilichosimama kwenye kijiguu kimoja cha chuma. Spana ielekee kushoto, sambamba na ardhi, halafu ukandamize kwenda chini. Ikikataa tumia mguu, huku umeshikilia gari, ukiongeza uzito taratibu bila kurukaruka. Ikilia "kriik!" umeshinda. Robo ya mzunguko inatosha, usiitoe. Kama kuna nati moja isiyofanana na nyingine, hiyo ni ya kufuli, ina kichwa chake maalumu ambacho pengine kimo kwenye kisanduku cha mbele. Kitafute leo.

Jeki nayo ina mahali pake. Pitisha kidole chini ya ukingo wa mwili wa gari, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya la nyuma, utahisi vipengo viwili vidogo kwenye bati. Hapo katikati ndipo palipoimarishwa. Pengine popote bati litabonyea au jeki itateleza. Kama chini ni mchanga au udongo laini weka ubao. Mjomba alinipa kipande cha mbao ngumu cha upana wa kitabu, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa kwenye maduka ya mapambo ya magari.

Inua mpaka tairi liache ardhi, kisha kidogo zaidi, maana spea iliyojaa upepo ni nene kuliko tairi lililolala. Na kabla ya kutoa nati ya kwanza, lisukume tairi la spea chini ya gari, lilale karibu na jeki. Ukishatoa gurudumu bovu, libadilishane na spea hapo chini. Hivyo wakati wote kuna gurudumu moja chini ya gari. Jeki ikianguka gari litaangukia mpira na chuma, si mguu wako. Ndiyo nakala ya akiba, haina gharama yoyote, na sijaona mtu barabarani akiifanya isipokuwa madereva wa masafa marefu. Na kwa hali yoyote kichwa, kifua, mkono, hakuna kinachoingia chini ya gari. Tochi ikibiringikia huko iache huko.

Wakati mwingine nati zote zimetoka na gurudumu halitoki, limegandishwa na kutu. Usilivute kwa nguvu gari likiwa juu. Rudisha nati kwa vidole, nyuzi tatu nne, shusha gari likanyage chini, litikise upande huu na huu. Uzito wake wenyewe utalibandua.

Tuje kwenye kukaza, mahali ninapopapenda kuliko pote. Weka spea, rudisha nati kwa mkono, upande uliochongoka ukitazama rimu, usipake mafuta wala grisi. Zikaze kiasi ili gurudumu likae sawa, shusha gari liguse chini, ndipo ukaze kabisa. Lakini kwa mpangilio gani? Ukikaza moja kisha jirani yake, gurudumu linavutwa upande mmoja na kukaa limeinama kidogo sana, huoni kwa macho. Ukianza safari linatikisika, na nati zinalegea zenyewe.

Kwa nati tano kuna algorithimu nzuri kabisa. Zipe namba kuanzia 0 hadi 4, kama safu yoyote ya data. Anza na 0, ongeza 2, gawanya kwa 5 na uchukue baki. Unapata 0, 2, 4, 1, 3. Umechora nyota na umepita kila nati mara moja. Sasa ijaribu kwa Probox yetu yenye nati nne: 0, 2, 0, 2, 0, 2... kitanzi kisicho na mwisho! Namba 1 na 3 hazitakazwa milele. Wenye kukumbuka hesabu za kigawo wanajua kwa nini: 2 na 5 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, lakini 2 na 4 zinacho. Kwa nati nne nenda 0, 2, 1, 3. Kwa sita nenda jozi kwa jozi, kila moja na inayotazamana nayo.

Nguvu kiasi gani? Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari ni niutoni mita 103. Ukiwa na spana ya sentimita 30 hiyo ni kama kubonyeza mwisho wake kwa uzito wa kilo 35. Mtu wa kilo 70 akisimama wima juu ya spana hiyo anaweka mara mbili ya kipimo, na akiruka ni zaidi. Bolti inavutika kama mpira uliochoka, na mtu mwingine, siku nyingine, atakuta imekatika mkononi. Kwa hiyo kukaza ni kwa mikono, umeinama, nusu ya uzito wako. Mguu ulikuwa wa kulegeza tu. Na hata ukikaza vizuri, simama baada ya kilomita 50 hadi 100 uzipitie tena. Sisi tulizipitia Voi, kwenye kituo cha mafuta, na mbili kati ya nne zilikubali kusogea kidogo.

Kisha mawe. Hapa naomba mnivumilie kwa sababu linanikera. Wakenya tukimaliza kutengeneza gari tunaondoka na kuyaacha mawe yale yale pale pale, mengine juu ya lami kabisa, na matawi yakiwa yamenyauka. Saa nne usiku anakuja mtu wa pikipiki bila kujua kwamba kulikuwa na pancha hapo jioni. Katika programu ukichukua kumbukumbu ya kompyuta na usiirudishe, mfumo unajaa taka hadi unaanguka. Barabara zetu zimejaa taka hiyo, na ni mawe ya kilo 10. Yule kijana wa bodaboda aliyarudisha porini yeye mwenyewe kabla sijamwambia. Alisema anayajua.

Spea yenyewe pia itazame kabla ya safari. Kwenye ubavu wa tairi, karibu na herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. 1714 ni wiki ya 17 ya mwaka 2014. Tairi la spea linaweza kuwa na meno yote na bado likawa zee, mpira umekauka na kuchanika mistari midogo. Kama spea yako ni ile nyembamba ya muda, mara nyingi imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na upepo wake kwa kawaida ni psi 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha, si ya kukufikisha Mombasa. Magari mengine yanayoingia sasa hayana spea kabisa. Ukifunua sakafu ya buti unakuta kompresa ndogo na chupa ya gundi, ambavyo vinaziba tundu la msumari lakini haviwezi kitu kwa tairi lililochanika ubavuni. Bora ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Kwenye buti yetu sasa mna pembetatu mbili, spana ndefu, jeki, ubao, tochi ya kuvaa kichwani, glavu, jaketi la kuakisi mwanga, na kipimo cha upepo. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa gunia. Kituo cha mafuta ukimwambia kijana wa upepo ajaze na spea, mara nyingi atakutazama mara mbili, kwa maana itabidi mshushe mizigo. Shusha. Jumamosi iliyopita jirani yangu aliniomba nimkagulie lake kabla hajasafiri kwenda Kisii. Ilikuwa spea nyembamba, ya psi 60, haijawahi kuguswa tangu gari litoke bandarini. Kipimo kilisoma 18.